Si Pombe, Ni Sukari Imeshuka: Dalili Ambazo Kila Msee Anafaa Kujua

Msee amesimama steji akiyumbayumba. Jasho inamtoka kama ametoka kukimbia, na asubuhi yenyewe kuna baridi. Ukimwongelesha anajibu vitu hazieleweki. Ukimshika mkono anakusukuma. Makanga anamcheki mara moja tu na kutoa hukumu: "Huyo amelewa, msipoteze wakati." Mathree inaondoka.

Shida ni kwamba pombe siyo kitu pekee inaweza kufanya mtu akae hivyo. Sukari ikishuka kwa damu, mtu anaweza kuonekana mlevi kabisa na hajaonja hata tone. Tofauti ni kwamba mlevi wengi wanamjua, ataamka kesho kichwa kikimuuma. Huyu mwingine mkimwacha alale "pombe iishe", anaweza kukosa kuamka.

Na kuna kitu ingine inafanya hii stori ikuwe noma zaidi. Hapa kwetu karibu kila mtu anajua sheria moja kuhusu watu wa kisukari: wasikule sukari. Kwa hivyo siku ile sukari ndiyo dawa, unapata jirani ndiye anaficha kijiko. "Msimpe! Huyo ako na sukari!" Anadhani anasaidia, kumbe anamzuilia mtu kitu ya pekee ingemuokoa kwa hizo dakika.

Wacha tuelewane basi. Hii kitu si ngumu, na ukiijua unaweza kuokoa mathe wako, buda wako, ama mtu humjui kabisa.

Sukari kushuka ni nini hasa?

Ubongo unatumia glukosi, yaani ile sukari iko kwa damu, na hauna mahali pa maana pa kuweka akiba yake. Lazima damu iulete kila dakika. Damu ikikosa sukari ya kutosha, ubongo ndio unaanza kuteseka kwanza, na ndiyo maana dalili nyingi zinakaa za kichwa.

Ukipimwa kwa kale kamashini ka kudunga kidole, namba za kukumbuka ni mbili. Ikiwa chini ya 4, sukari imeshuka na unafaa kufanya kitu saa hiyo hiyo, hata kama unajiskia fiti. Ikiwa chini ya 3, hiyo ni hatari kubwa, ubongo unaanza kukosa nguvu. Mashini zingine zinahesabu tofauti, na kwa hizo mpaka ni 70 na 54. Na kama mashini imeandika "LO" bila namba yoyote, haijaharibika. Inakuambia sukari iko chini mpaka imeshindwa kuihesabu. Hiyo ni dharura.

Dalili zinakuja kwa awamu

Awamu ya kwanza ni mwili kupiga kamsa. Sukari ikianza kushuka, mwili unamwaga adrenalini, ile ile inakushika ukikimbizwa na mbwa. Kwa hivyo mtu anaanza:

- Kutokwa na jasho, mara nyingi baridi, hata kama hakuna jua
- Kutetemeka mikono
- Moyo kudunda mbio
- Njaa ya ghafla, ile ya kutaka kukula kila kitu
- Midomo ama vidole kuwashawasha ama kufa ganzi
- Kukosa utulivu, kuogopa bila sababu

Hapa mtu mwenyewe bado ako na akili zake. Akijua hizi dalili, atajisaidia.

Awamu ya pili ni ubongo kukosa chakula. Sasa mambo yanaharibika:

- Maneno yanaanza kuvutika ama kuchanganyika
- Anaona vitu mbili mbili ama macho yanafunga ukungu
- Anatembea akiyumba
- Anasahau ako wapi, ama anarudia swali moja mara kumi
- Mtu mpole anakuwa mkali, analia bila sababu, ama anacheka vitu hazichekeshi
- Usingizi mzito mchana

Awamu ya tatu ni mwili kuzima. Mtu anaanguka, anaweza kushikwa na mtukutiko kama wa kifafa, kisha anazimia. Hapa watu wengine husema amepagawa ama amerogwa, na badala ya ambulensi wanaanza kutafuta pasta. Maombi ni sawa, lakini mtu mwingine awe kwa simu akiita usaidizi.

Awamu hizi tatu zinaweza kufuatana kwa dakika chache. Na si lazima mtu apitie zote kwa mpango. Kuna wenye wanaruka ya kwanza kabisa, tutawafikia.

Kwa nini asijisaidie mwenyewe?

Hili swali watu huuliza sana. Kama ameishi na kisukari miaka kumi, si anajua akule kitu?

Anajua, lakini kile kitu cha kumwambia "kula" ni ubongo, na ubongo ndio umezimika kidogo. Ni kama simu iko asilimia moja ikiambiwa ijitafutie chaja. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na switi kwa mfuko na asizile. Ndiyo maana pia anaweza kukataa soda umemnunulia, akusukume, akuambie vibaya. Usichukulie kibinafsi. Anayeongea hapo si yeye.

Kwa hivyo, hii dharura mara nyingi inategemea mtu wa kando. Bibi, bwana, mtoto wa darasa la sita, mlinzi wa geti, mwenzako wa mjengo. Ukingoja mgonjwa akuambie shida yake, utangoja sana.

Utajuaje ni sukari imeshuka na si imepanda?

Sukari ikipanda, huenda polepole, kwa masaa ama siku. Mtu anaskia kiu sana, anaenda choo kila saa, mdomo na ngozi zinakauka, anachoka. Ikizidi pumzi inaweza kunuka kama matunda yameiva sana, na hiyo pia watu huidhania pombe.

Sukari ikishuka, inakuja haraka. Saa nne alikuwa anapiga stori, saa nne na robo hajielewi. Ngozi imelowa jasho na ni baridi.

Lakini wacha tuseme hujui, na hakuna mashini. Fanya hivi: kama mtu ako macho na anaweza kumeza, mpe sukari. Kama kumbe ilikuwa imepanda, zile vijiko tatu hazitabadilisha mambo sana kabla mfike hospitali. Kama ilikuwa imeshuka na ukamnyima, unaweza kumpoteza. Kati ya makosa hayo mawili, moja ni dogo na ingine ni kubwa.

Inaletwa na nini?

Mara nyingi inashika watu wenye wanatumia insulini ama baadhi ya tembe za kisukari. Tembe zenyewe ni zile zinalazimisha kongosho kutoa insulini, kama glibenclamide, glimepiride na gliclazide. Metformin ikiwa peke yake si kawaida ishushe sukari mpaka chini ya hatari. Kama hujui mzae wako anameza gani, leo jioni soma pakiti.

Hizo dawa zinafanya kazi yake ya kushusha sukari. Shida inakuja wakati dawa iko na chakula hakuna. Ona hizi, ni za kila siku:

Kudunga insulini kisha chakula kinachelewa. Umejidunga saa kumi na mbili asubuhi ukijua utapata chai kazini, halafu jam ya barabara inakushika masaa mawili.

Kazi ngumu kuliko kawaida. Siku ya kubeba mawe mjengo, kulima ocha, ama kucheza mechi ya mtaa. Misuli inavuta sukari, na inaendelea kuivuta hata masaa mengi baadaye. Unaweza kucheza saa kumi jioni na sukari ishuke usiku wa manane.

Msoto. Hii hatuisemi vya kutosha. Mtu hana doo ya lanchi lakini dawa za kliniki ako nazo, anameza vile aliambiwa na analala njaa. Kama hiyo ndiyo hali yako, usione haya, mwambie daktari wazi wazi. Dozi inaweza kupangwa kulingana na vile unakula kwa ukweli, si vile karatasi inasema.

Pombe. Ini ndilo linaweka akiba ya sukari na kutengeneza ingine wakati hujakula. Ukikunywa, ini linashughulika na pombe kwanza na hiyo kazi ya kutengeneza sukari inalala. Ukikunywa bila kudishi, sukari inaweza kushuka usiku ama kesho yake asubuhi. Na hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu ananuka pombe kweli, na hakuna atakayefikiria kitu ingine. Kwa hivyo kunuka pombe si uthibitisho kwamba ni pombe tu.

Kufunga. Iwe ni Ramadhani ama ni mfungo wa kanisa, ongea na daktari wiki kadhaa kabla, dawa zipangwe upya. Na kama umefunga na mashini inasoma chini ya 3.9, madaktari wa kisukari wanasema fungua saa hiyo, hata kama imebaki dakika kumi Maghrib iingie.

Figo kuharibika. Figo zikichoka, insulini na tembe zingine zinakaa mwilini muda mrefu. Dozi ilikuwa sawa mwaka jana inaweza kuwa kubwa mno mwaka huu. Wazee wengi hushikwa hapa.

Unafanya nini? Kumbuka 15 kwa 15

Hii ndiyo sheria inafundishwa sehemu nyingi duniani: gramu 15 za sukari ya haraka, ngoja dakika 15, pima tena. Kwa lugha ya mtaa, gramu 15 ni moja ya hizi:

- Vijiko 3 vya chai vya sukari ama glukosi ya unga, ikorogwe kwa maji kidogo
- Nusu ya chupa ya soda ya mililita 300
- Nusu glasi ya juisi ya matunda
- Kijiko kimoja kikubwa cha asali

Soda iwe ya kawaida. Zile zimeandikwa "zero" ama "diet" hazina sukari, hazitasaidia chochote. Mpe soda hiyo na utakuwa umempa maji yenye rangi.

Pia usianze kuchemsha chai. Wakati sufuria inapata moto, mtu anazidi kuzama. Sukari kwa maji ya mfereji inafanya kazi haraka. Chokoleti, mandazi na maziwa si chaguo la kwanza pia, kwa sababu mafuta yanachelewesha sukari kuingia kwa damu. Hizo ni za baadaye.

Baada ya dakika 15, pima. Kama bado ni chini ya 4, ama huna mashini na bado anatetemeka, rudia. Ukirudia mara tatu na hakuna mabadiliko, hiyo ni safari ya hospitali.

Akishapata nafuu usimwache hivyo. Sukari ya haraka inaisha haraka. Mpe chakula cha kukaa: mkate, ugali, githeri, viazi vitamu, chochote kipo. Halafu mtu akae naye. Na kama ni zile tembe tumetaja juu, apelekwe hospitali hata akisema ako poa, kwa sababu dawa inabaki mwilini na sukari inaweza kushuka tena masaa kadhaa baadaye.

Akizimia, usimwagie kitu mdomoni

Hapa ndipo watu wenye roho safi huua mtu. Mgonjwa hajielewi, na mtu analeta soda na kuanza kumwaga mdomoni. Mtu amezimia hawezi kumeza. Hiyo soda inaingia kwa mapafu.

Fanya hivi badala yake. Mlaze kwa ubavu ndiyo mate ama matapishi yatoke nje. Kama anatukutika, ondoa vitu ngumu kando yake, usimshikilie kwa nguvu na usimwekee kijiko katikati ya meno. Usimdunge insulini, hiyo itashusha sukari zaidi. Piga 999 ama 112, ama laini ya Msalaba Mwekundu 1199. Kama ambulensi iko mbali, tafuta gari, mpeleke hospitali iliyo karibu, na sentensi ya kwanza mkifika iwe: "Ako na kisukari, anatumia dawa hii." Beba pakiti ya dawa. Huko watampa glukosi kwa mshipa, na wengi hurudi kwa dakika chache kama mtu ameamka usingizini.

Ile ya usiku, na ile ya kimya

Sukari inaweza kushuka ukiwa umelala. Ukiamka shuka limelowa jasho, kichwa kinauma, umechoka kuliko vile ulilala, ama umeota ndoto mbaya mpaka ukapiga kelele, pima sukari. Kama unalala na mtu mwenye anadunga insulini na unaskia anaongea vitu za ajabu usingizini huku amelowa, mwamshe. Hakuna atakayekasirika kwa kuamshwa bure.

Halafu kuna wale tulisema wanaruka awamu ya kwanza. Mtu akishukiwa na sukari mara nyingi, mwili unazoea na kuacha kupiga kamsa. Hatetemeki, moyo haumdundi, anaenda moja kwa moja kuchanganyikiwa. Dawa zingine za presha kama propranolol na atenolol pia zinaweza kuficha kutetemeka na moyo kudunda, ingawa jasho kawaida hubaki. Kama buda wako anameza za presha na za sukari, jicho lako lifuate jasho na vile anaongea.

Watu wa boda na madereva, hii ni yenu. Uingereza, madereva wa insulini wanaambiwa wakule kitu kwanza kabla ya kuendesha kama sukari iko chini ya 5, na wasiendeshe kabisa kama iko chini ya 4. Ni kipimo kizuri hata kwa Thika Road. Pima kabla ya kuwasha, weka switi karibu, na ukianza kuskia vibaya, simama kando kwanza. Baada ya kupona, ngoja kama dakika 45 ndiyo ubongo urudi sawa.

Kwani ni watu wa kisukari pekee?

Hapana. Mtoto mdogo akishikwa na malaria kali, sukari inaweza kushuka sana, na dawa ya kwinini nayo inaweza kuishusha zaidi. Mtoto wa malaria mwenye amelegea, hataki kunyonya ama ametukutika anafaa kupimwa sukari hospitalini pia, si malaria pekee. Mtoto mchanga amezaliwa kabla ya wakati naye ako kwa hatari hiyo. Na mlevi mwenye amekunywa siku mbili bila kula chochote anaweza kushukiwa hata kama hajawahi kuwa na kisukari.

Lakini kama wewe ni mzima na umeskia tu kizunguzungu kwa sababu uliruka lanchi, usikimbie kujiita mgonjwa. Mwili mzima unajua kujilinda. Kula. Ikiendelea kukurudia mara kwa mara, nenda upimwe ujue ukweli.

Haimaanishi maisha imeisha

Mashabiki wa mpira mnamjua Nacho Fernández. Alipatikana na kisukari cha aina ya kwanza akiwa na miaka 12, akiwa kwa akademia ya Real Madrid, na daktari wa kwanza alimwambia mpira umeisha. Wa pili akamwambia aendelee. Aliendelea mpaka akashinda Ligi ya Mabingwa mara 6, na ile ya 2024 pale Wembley alibeba kombe akiwa nahodha.

Jaji Sonia Sotomayor wa Mahakama ya Juu ya Marekani ameishi na kisukari tangu akiwa na miaka 7. Januari 2018 sukari yake ilishuka akiwa nyumbani Washington, wahudumu wa dharura wakaitwa, wakamtibu, na akaenda kazini siku hiyo hiyo. Jaji mzima, na miaka zaidi ya 50 ya kuujua ugonjwa wake, bado alihitaji watu wengine. Hakuna mtu mjanja wa kushinda hii kitu peke yake.

Sasa fanya hivi leo

Kama wewe ndiye mwenye kisukari, chagua watu watatu: wa nyumbani, wa kazini, na mmoja wa mbogi yako. Waambie sentensi tatu tu. "Ukiniona nimelowa jasho ama naongea vibaya, sijalewa. Nipe sukari hata nikikataa. Nikizimia, usinipe kitu mdomoni, nipeleke hospitali." Weka kikaratasi kwa waleti chenye jina la dawa zako na namba ya mtu wako. Weka sukari mfukoni, si nyumbani.

Kama wewe si mgonjwa, kazi yako ni ndogo zaidi. Siku utaona mtu anayumba, kabla utoe hukumu, muulize maswali mawili: "Uko na kisukari? Umekula?" Akishindwa kujibu, cheki mfuko ama shingo kama kuna kadi ama dawa. Na dukani, vijiko tatu vya sukari ni pesa kidogo sana ukilinganisha na matanga.